Jalala la Trout Creek

Katika kazi yangu ya ukalimani, neno lililonitoa jasho kuliko yote halikuwa la hospitali wala la mahakama. Lilikuwa dubu.

Mwaka 2016 familia za kwanza za Wakongo zilianza kufika hapa Missoula, mji wa Montana uliokaa katikati ya milima kama ugali katikati ya sinia. Wengi walikuwa wamemaliza ujana wao katika kambi za wakimbizi. Mimi ni mtu wa Kigoma, nimelelewa ufukweni mwa Tanganyika, na Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa nakisikia vizuri, kwa hiyo niliitwa nisaidie. Mgeni akifika hufundishwa mambo ya siku za mwanzo: namna ya kupanda basi, namba ya kupiga nyumba ikiwaka moto, namna ya kuwasha jiko. Halafu inakuja taka, na hapo ndipo somo linaporefuka. Pipa la taka lisitolewe usiku. Litolewe asubuhi yenyewe ya siku ya gari. Mifupa na mabaki ya samaki yakae kwenye friza hadi siku hiyo. Chakula cha ndege kisining'inizwe mtini.

Mama mmoja wa Fizi, huko Kongo, mtu mzima wa kunizaa, alisikiliza yote hayo kimya, kisha akaniinamia sikioni. "Mwanangu, hiyo dubu ni nyama gani?"

Ng'ambo ya ziwa mnyama wa porini ni nyama, hata awe hajachinjwa. Nikamwonyesha picha. Akaitazama sana, akaitazama miguu. "Iko na nyayo za mtu," akasema. Kweli, unyayo wa nyuma wa dubu ni wa mtu aliyenenepa. "Inakula watu?"

"Mara chache mno, mama."

"Inakula nini sasa?"

"Inakula pubeli."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Pubeli ni pipa la taka kwa Kiswahili cha kwao, wamelitoa kwenye Kifaransa. Mnyama mkubwa namna ile, mwenye kucha ndefu kama vidole vyangu, kusafiri mlima mzima kuja kula maganda! Nami nilicheka, lakini jioni nilijiuliza kwa nini mji mzima hapa unaliogopa pipa kuliko unavyomwogopa mnyama mwenyewe. Nikaanza kusoma. Nimesoma miaka kadhaa sasa, kwa kuwa maktaba ni bure na majira ya baridi ni marefu.

Jina lenyewe tulilipata kwa Waarabu, dubb, pamoja na nyota: mabaharia waliitazama Dubu Mkubwa kaskazini bila ya kumjua dubu wa nchi kavu. Tulipewa jina, mnyama hatukupewa. Ingawa Afrika nayo iliwahi kuwa naye. Milima ya Atlasi, huko Moroko na Algeria, ilikuwa na dubu wa kahawia hadi karne ya 19, kisha akaisha. Kwa hiyo anayesema Afrika haina dubu aseme tu kwamba haina tena.

Hapa Marekani dubu wa kahawia wa bara huitwa grizli, kwa sababu ncha za manywele yake zina mvi. Wako pia dubu weusi, wadogo zaidi, ambao ndio hasa wanaopekua mapipa ya Missoula, na ambao mara nyingi si weusi hata kidogo, wana rangi ya chai ya maziwa. Nilipolitafsiri hilo darasani nilionekana nimechanganyikiwa. Kwa sasa tuwaache. Mwenye hadithi ni grizli, na hadithi yake inaanzia kwenye jalala.

Hifadhi ya Yellowstone ilitangazwa Machi 1872, ya kwanza ya aina yake Marekani. Ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000, yaani Serengeti huimeza na nafasi ikabaki. Wageni walipokuja zilikuja na hoteli, na hoteli hutupa makombo. Katika miaka ya 1880 na 1890 dubu waligundua kwamba nyuma ya kila jiko kuna karamu. Wageni nao wakagundua dubu. Mwandishi Ernest Thompson Seton alifika mwaka 1897, akajichimbia shimo ndani ya takataka za Hoteli ya Fountain akae humo kutwa nzima awachore dubu na kuandika habari zao. Namfikiria bwana yule kati ya makopo na maganda ya viazi, penseli mkononi, nzi wakimzunguka. Elimu ya dubu wa Yellowstone ilianza kunuka mapema.

Jeshi ndilo lililoilinda hifadhi tangu 1886, kabla ya idara ya hifadhi kuundwa mwaka 1916. Jeshi na idara zote mbili hazikuona ubaya mkubwa katika dubu kula makombo. Iko picha ya Horace Albright, mhifadhi mkuu wa miaka ya 1920, ameketi mezani na dubu weusi kama wageni wa arusi. Baadaye likajengwa jukwaa kabisa huko Otter Creek, karibu na korongo kuu: viti vya mbao kama vya uwanja wa mpira, askari wa hifadhi wenye bunduki, na chini yao makombo ya hotelini yamemwagwa. Jua likizama grizli walitoka msituni mmoja mmoja, na watu wakapiga makofi. Maonyesho hayo yaliendelea hadi mwaka 1941. Vita vilikuja, wageni wakapungua, viti vikabaki vitupu.

Kilichofungwa, lakini, ni viti. Majalala yalibaki. Lililokuwa kubwa ni la Trout Creek, katikati ya bonde la Hayden, mbali kidogo na barabara ili mgeni asilione. Ukifunga mlango wa jiko hujafunga jiko. Na dubu weusi waliendelea kuombaomba kandokando ya barabara, wakisimamisha magari kama trafiki. Hesabu za hifadhi yenyewe zinasema tangu 1931 hadi 1969 watu 48 kwa wastani walijeruhiwa na dubu kila mwaka. Watu 48 kila mwaka, kwa karibu miaka 40! Kwetu mamba angeua nusu ya hao kijijini, serikali ingeshatuma bunduki.

Mwaka 1959 ndipo walipokuja wale mapacha.

Frank na John Craighead walizaliwa Agosti 1916 jijini Washington, wamefanana kiasi kwamba katika picha za ujanani siwezi kuwatofautisha hadi leo. Baba yao alikuwa mtaalamu wa wadudu wa msituni. Dada yao, Jean, alikuja kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto vinavyosomwa mpaka sasa mashuleni hapa. Walianza na mwewe na kipanga wakiwa wavulana, wakaandika makala juu yao, wakaalikwa India na mwana wa mfalme aliyependa ndege wa kuwinda. Vita vilipokuja walilifundisha jeshi la majini namna ya kubaki hai porini. John alihamia Missoula mwaka 1952 kufundisha chuo kikuu, na alikaa hapa mpaka kufa. Ninapokwenda sokoni Jumamosi napita mitaa aliyoipita.

Swali lao lilikuwa la kawaida mno: dubu hawa ni wangapi, wanaishi wapi, wanazaa mara ngapi, wanakufa kwa nini? Hakuna aliyejua. Grizli anatembea mbali, anajificha, na akikuona kabla hujamwona, mwisho wa utafiti unaweza kuwa hapohapo. Ungewapata wapi kwa pamoja uwahesabu? Jibu lilikuwa linanuka kutoka mbali. Jioni ya kiangazi walikaa ndani ya gari pembeni ya jalala la Trout Creek na grizli walifika kwa makumi, madume wakipigania nafasi, majike wakiwa na watoto nyuma wakisubiri zamu. Dubu ni mnyama wa kuishi peke yake, lakini pale palikuwa na utaratibu kamili wa nani amtangulie nani, kama foleni ya maji ya bomba.

Walitengeneza mitego kwa mabomba ya kalavati, yale yale yanayopitisha maji chini ya barabara, wakayaweka juu ya magurudumu na mlango wa kushuka. Dubu akiingia kufuata nyama, mlango unaanguka. Wengine waliwapiga kwa bunduki ya sindano. Dawa waliyoanza nayo ilikuwa ya kulegeza misuli tu. Haikulaza. Yaani dubu alilala chini asiweze kuinua ukucha, lakini macho yako wazi, anakuona, anakusikia, na anajua unachomfanyia. Ukizidisha dawa anashindwa kupumua anakufa mikononi mwako. Ukipunguza, ana dakika chache tu. Katika dakika hizo walimpima uzito, wakapima meno na miguu, wakachukua damu, wakamchora namba mdomoni kwa ndani, wakamvalisha hereni za rangi masikioni. Iko filamu ambamo dubu mmoja anaamka kabla ya wakati wake, watu wanaruka ndani ya gari na yeye analirarua gari lile kwa hasira ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Nimeiona mara tatu. Kila mara niko upande wa dubu.

Hereni zilisaidia jalalani, ila dubu akiingia msituni hereni hazisemi. Ndipo walipopata wazo lililobadilisha kazi hii dunia nzima. Pamoja na fundi wa elektroniki Joel Varney, walitengeneza mkanda wa shingo wenye redio ndogo inayotoa mlio. Wataalamu wa wanyama wa Tanzania hukiita kifaa cha namna hiyo kisukuma mawimbi, na leo kiko shingoni mwa tembo na simba wetu. Majira ya kupukutika majani ya mwaka 1961 walimvalisha jike namba 40, ambaye wao walimwita Marian. Alikuwa grizli wa kwanza duniani kuvaa redio. Tangu hapo Marian alipokwenda popote, mtu mwenye antena mgongoni alimfuata kwa sikio.

Aliwapeleka mahali ambapo hakuna mtafiti aliyewahi kufika na dubu. Kila mtu wa milimani alijua kwamba dubu hulala majira ya baridi, lakini alilalaje, wapi, aliingia lini? Ndugu wa Craighead walifuata milio kupitia misitu yenye theluji ya kiunoni mpaka wakalikuta tundu. Grizli huchimba mapema, aghalabu Septemba, chini ya mizizi ya mti mkubwa, kwenye mteremko unaotazama kaskazini ambako jua la majira ya baridi haliyeyushi theluji ya juu. Ndani huweka matawi laini ya misonobari, godoro kabisa. Akimaliza haingii. Anazunguka karibu kwa wiki kadhaa, mzito wa usingizi, anasubiri. Kisha inakuja dhoruba kubwa ya Novemba, na siku ile ile, dubu wa bonde hili na wa bonde lile, wasioonana, wote wanaingia. Theluji inafunika nyayo zao nyuma yao. Hakuna anayeweza kuwafuata.

Sehemu hii niliisoma usiku, nje theluji inaanguka. Nilizima taa nikakaa kimya kidogo. Kwetu mwizi hutembea mvua ikinyesha kwa sababu hiyohiyo.

Jike hujifungua humohumo tundani, mwezi wa Januari au Februari, watoto wasiofika hata nusu kilo. Mimba yenyewe ina mambo: huchukua mwezi wa Mei au Juni, lakini kijiyai husubiri tumboni bila kukua hadi karibu na wakati wa kulala, na kama mama hakunenepa, hakishiki. Halafu watoto hukaa naye miaka miwili au zaidi. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka mitano au sita, na baina ya uzazi na uzazi hupita kama miaka mitatu. Hesabu hiyo uishike. Dubu hafidii wafu wake kwa haraka kama nguruwe. Ukiua majike kumi leo, pengo lake utaliona mpaka wajukuu zako.

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 walikuwa wanawajua grizli wa Yellowstone kwa sura, kwa namba na kwa ukoo. Lakini wapo walioanza kuguna: haya mnayoyajua ni ya dubu, au ni ya jalala?

Mimi ni mtu wa Kigoma, swali hilo halikunishangaza. Nikiwa mdogo mjomba wangu alikuwa akisimulia habari za Mzungu wa Gombe aliyenunua ndizi, si za watu, za sokwe. Sisi watoto tulidhani anatania. Kumbe kweli. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960, sokwe wakamkimbia miezi, mpaka mmoja alipoingia kambini kuchukua ndizi. Baada ya hapo ndizi zikawa njia. Sokwe walikuja, wakaonekana karibu, wakajulikana kwa majina. Pia waligombana, na nyani wakaja kunyang'anya, mpaka ndizi zikabidi zipunguzwe, na wataalamu wengine wakauliza kama ugomvi ule ni wa asili au ni wa masanduku ya ndizi. Miaka ileile, mabara mawili, elimu ya wanyama wakubwa ilikuwa inajengwa juu ya chakula kilichowekwa na mtu. Sijui kama mapacha na Goodall waliwahi kulizungumza.

Mwaka 1963 kamati iliyoongozwa na Starker Leopold, mtaalamu wa wanyama wa California, iliishauri serikali kwamba hifadhi zirudishwe kadiri iwezekanavyo katika hali zilivyokuwa kabla Wazungu hawajafika. Wazo zuri, na ndani yake hakuna nafasi ya jalala. Kisha usiku mmoja wa Agosti 1967, katika hifadhi ya Glacier kaskazini mwa Montana, grizli wawili tofauti, sehemu mbili tofauti, waliwaua wasichana wawili wa miaka 19. Kwenye moja ya sehemu hizo dubu walikuwa wakirushiwa makombo kila jioni wageni watazame. Tangu hifadhi ile ifunguliwe grizli alikuwa hajaua mtu, sasa wawili usiku mmoja. Watu wakaja juu.

Mhifadhi mkuu mpya wa Yellowstone, Jack Anderson, na mtaalamu wake Glen Cole, waliamua: majalala yafungwe, na yafungwe upesi, dubu wasahau. Ndugu wa Craighead hawakupinga kufungwa. Walisema: polepole. Dubu aliyezaliwa na mama wa jalalani, akafunzwa jalala, ukimfungia ghafla hatakwenda kuchimba mizizi kama babu yake, atakwenda kwenye mahema ya watu na huko atapigwa risasi. Funga kwa miaka kumi, walishauri, na katika kipindi hicho wawekewe mizoga ya elki, kulungu wakubwa wa huku, mbali na watu. Cole alijibu kwamba wako grizli wengi huko ndani wasiojua jalala hata harufu yake, hao ndio wenyewe, hawa wa takataka wakiisha si hasara kubwa. Craighead walisema hakuna makundi mawili, dubu ni walewale, na karibu wote wanapita jalalani.

Nimekaa katikati ya watu wasioelewana maisha yangu yote ya kazi, na nasema kila upande ulikuwa na ukweli wake. Hifadhi ilikuwa sahihi juu ya mwisho wa safari. Ndugu wale walikuwa sahihi juu ya mwendo. Kwa kuwa mkubwa wa hifadhi ndiye mwenye funguo, mwendo wake ndio uliofuatwa. Jalala la Rabbit Creek lilifungwa 1969. Trout Creek lilipunguziwa chakula tangu 1968, na msimu wa 1970 ulipokwisha likafungwa kabisa.

Ikawa kama walivyosema. Grizli walitawanyika kwenye kambi na vijiji vya pembezoni, wakapigwa, wengine wakakamatwa na kupelekwa mbali kisha wakarudi, na waliorudi wakapigwa. Marian, namba 40, hakuiona hata 1970. Aliuawa mwaka 1969. Alikuwa amefuatwa kwa redio kwa miaka, matundu yake yalikuwa yamepimwa urefu na upana, na watoto wake waliandikwa kila walipofika naye jalalani. Mwishoni aliuawa na watu wa hifadhi ileile iliyotembelewa na maelfu ili wamwone yeye na wenzake.

Lililoniuma zaidi ni jambo dogo. Hifadhi ilikuwa inajiandaa kwa sherehe za miaka 100, mwaka 1972, na ikaonekana kwamba dubu wenye hereni za rangi na mikanda hawapendezi, hawafanani na pori. Basi amri ikatoka hereni zivuliwe kwa kila dubu atakayeshikwa. Kazi ya miaka kumi na zaidi, masikioni, ikang'olewa. Wakati dubu wanakufa kwa wingi kuliko wakati wowote, aliyewahesabu alinyang'anywa macho. Mwaka 1971 ndugu walitakiwa wakubali kwamba hawatachapisha neno lolote kabla hifadhi haijaliidhinisha. Walikataa, wakaondoka. Naandika haya bila ya kuficha kwamba nina hasira nayo, hata kama waliotoa amri wengi wamekwisha kufa.

Juni 1972 kijana mmoja kutoka Alabama, aliyepiga hema mahali pasiporuhusiwa karibu na Old Faithful, aliuawa na grizli mzee usiku. Wazazi wake waliishitaki serikali, na katika kesi hiyo Frank Craighead na Starker Leopold walisimama mahakamani pande mbili, wanasayansi wawili wakubwa wa wakati wao, wakiulizwa maswali na mawakili juu ya makombo. Familia ilishinda mwanzoni, kwenye rufaa ikashindwa.

Baadaye mambo yalikwenda upesi, nami nitakwenda upesi. Mwaka 1973 iliundwa timu ya pamoja ya idara mbalimbali kuwachunguza grizli, chini ya Richard Knight, ili uchunguzi usiwe tena na upande. Julai 1975 grizli wa majimbo 48 ya Marekani, yaani bila Alaska na Hawaii, waliingizwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Makadirio yalikuwa kwamba Yellowstone imebakiwa na dubu 136 hivi. Visukuma mawimbi vikarudi shingoni. Majike wakalindwa, mapipa yakatiwa chuma, na dubu wakajifunza tena vyakula vya babu zao: mbegu za misonobari ya gome jeupe, mizizi, elki wachanga, na kitu ambacho mama wa Fizi hakukiamini, nondo. Wanapanda milima ya mawe zaidi ya mita 3,000 kupindua mawe na kulamba nondo waliojificha chini yake. Watafiti walikadiria kwamba dubu mmoja aweza kumeza nondo 40,000 kwa siku moja. "Kama kumbikumbi," mama akasema, na hapo akaamini.

Leo wako kama 1,000 katika eneo lote la Yellowstone. Mara mbili, 2007 na 2017, serikali iliwatoa kwenye orodha, na mara mbili mahakama ikawarudisha, mara ya pili na jaji wa hapahapa Missoula, Septemba 2018. Wafugaji wa pembezoni wana maneno yao juu ya hilo, na ndama walioliwa si wa kubuni. Hilo ni andiko lingine.

Frank alifariki 2001. John alifariki Septemba 2016, hapa Missoula, ametimiza miaka 100 mwezi mmoja tu nyuma. Ndiyo, mwaka uleule. Siku alizokuwa anakata roho mimi nilikuwa darasani nikihangaika na neno dubu.

Kiangazi kilichopita tulikwenda, mimi na mama wa Fizi na mjukuu wake anayeendesha gari. Bonde la Hayden ni pana, lina majani na mto unaojikunja. Nilimwonyesha upande wa Trout Creek. Hakuna kibao, hakuna jukwaa, hakuna hata kopo. Nyati wa Kimarekani walikuwa wamelala. Mama aliuliza kama tumepotea njia.

Tukarudi hadi mji wa West Yellowstone, nje ya lango, ambako kuna kituo cha kuwatunza grizli walioharibika kwa chakula cha watu, wasioweza tena kurudishwa porini. Pale wana kazi. Kiwanda kikitengeneza pipa la taka na kutaka lithibitishwe, hulipeleka kwa dubu hao. Ndani hutiwa siagi ya karanga, samaki, vitu vya harufu. Dubu anapewa saa nzima ya kulishughulikia. Likistahimili, limefaulu, linapata cheti na linauzwa kwa miji kama wetu.

Tulisimama kwenye kioo. Dume kubwa la kahawia lilipanda juu ya pipa la kijani kwa miguu yote ya mbele, likaruka, likaruka tena, likang'ata ukingo, likaligeuza chini juu, likalala ubavu na kulivuta kama mtoto na nazi. Watu walipiga makofi. Kifuniko hakikufunguka. Muda ulipokaribia kwisha likakaa kitako pembeni ya pipa, nyayo zake za mtu zimenyooshwa mbele, likatweta.

Mama wa Fizi aligonga kioo kidogo kwa kidole. "Mwanangu, waambie wafungue," aliniambia. "Ameshafanya kazi."

Kijana wa kituo alinitazama akisubiri nitafsiri.